Presha ya petroli katika Volkswagen yenye D-Jetronic

SWALI: Ndugu mhariri, nina Volkswagen 1600 TLE ya mwaka 1970. Lilikuwa likisitasita kila nilipokanyaga mafuta, fundi akakaza skrubu ya regulata mpaka likatulia kidogo. Sasa ekzosi inatoa moshi mweusi, plagi zina masizi na petroli inaisha upesi. Presha inapaswa kuwa ngapi, nami nitaipimaje?

JIBU: Ndugu msomaji, presha ya D-Jetronic, mfumo wa kielektroniki wa kunyunyizia injini petroli, ni takriban baa 2, yaani pauni 28 hadi 30 kwa inchi ya mraba, na skrubu ile ya regulata, kifaa kinachodhibiti presha hiyo, haikuwekwa kwa ajili ya kurekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa. Kompyuta ya D-Jetronic, iliyotolewa na Bosch mwaka 1967, haipimi petroli inayopita. Huamua tu muda wa kuiacha wazi nozeli, yaani mdomo unaonyunyiza petroli, kwa kufuata sensa ya mgandamizo wa hewa katika manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, ikichukulia kwamba presha ya petroli haibadiliki. Kwa kuwa kiasi kinachotoka hufuata kipeuo cha pili cha presha, ukiipandisha kutoka baa 2 hadi 2.5 injini hupata takriban asilimia 12 zaidi, na kompyuta haina habari. Masizi yako yanaweza kuwa yametoka hapo.

Pima kabla ya kugusa skrubu tena. Injini iwe imepoa, gari liwe mahali penye hewa, kizimamoto kiwe karibu, na waya hasi wa betri uwe umefunguliwa unapoachanisha mipira, ukifunika kiungo kwa kitambaa kwa sababu petroli iliyobaki ndani huruka. Unganisha geji inayosoma hadi baa 4 kwa kiungo cha njia tatu kwenye mpira wa upande wa presha, kabla ya regulata, kisha rudisha waya wa betri. Ukifungua swichi ya kuwashia gari, pampu itanguruma sekunde moja au mbili na kunyamaza. Ndivyo ilivyoundwa, mpaka injini izunguke. Soma geji injini ikiwaka, kisha ongeza kasi: tofauti na L-Jetronic iliyofuata, regulata hii haina mpira wa kwenda kwenye manifoldi, hivyo mshale unapaswa kubaki pale pale.

Legeza nati ya kufungia na uzungushe skrubu kidogo kidogo. Kukaza hupandisha, kulegeza hushusha. Kaza nati na usome upya, maana kukaza kwenyewe huweza kuisogeza skrubu. Presha ikikataa kushuka, huenda mpira wa kurudisha petroli kwenye tangi umebanwa au umeziba. Ikikataa kupanda, kagua filta, pampu na volti zinazoifikia pampu kabla ya kuilaumu regulata. Ikianguka hadi sifuri mara tu unapozima, kuna vali, regulata au nozeli inayovujisha. Mipira mikuukuu ibadilishwe kwa ile inayostahimili presha hii, si ya kabureta, hasa kwa vile injini yako imejificha chini ya sakafu ya buti la nyuma, ambako uvujaji hauonekani mapema.

Ukisharudisha baa 2, kusitasita huenda kukarejea. Chanzo chake kitafute kwenye swichi ya kipepeo cha hewa, ambayo njia zake za umeme huchakaa, kisha kwenye pointi zilizo ndani ya distributa zinazoamrisha nozeli. Sensa ya mgandamizo ije baadaye, kwani kiwambo chake kikipasuka kwa kawaida huongeza petroli. Mimi ningeanza na swichi, kwa kuwa kuisafisha hakuna gharama.