Difu inalia, fundi anataka nikanunue nyingine

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Hiace ya dizeli, nabeba mpunga kutoka vijijini kuja Ifakara mjini. Tangu masika yaishe, nikifika spidi 60 nyuma kunavuma kama nyuki ndani ya debe. Nikiachia mafuta inanyamaza, nikikanyaga inarudi. Fundi wa hapa kasema difu, lile boksi la meno katikati ya ekseli ya nyuma, imekufa, niagize ya mtumba Kariakoo. Nilipotajiwa bei nilikaa chini. Nifanyeje?
*Msomaji, Ifakara*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaa hapo hapo ulipokaa, hela usitume kwanza.

Umefanya vizuri kueleza inavuma lini na inanyamaza lini. Wengi huniandikia "gari linalia" wakaishia hapo. Mvumo unaofuata mguu wako kwenye mafuta, mara nyingi ni meno ya krauni na pinioni, gia kubwa na ndogo zinazoumana ndani ya difu, au beringi za pinioni. Ungekuwa unavuma kwenye lami na kupotea kwenye vumbi, ningekwambia tazama matairi. Ungezidi ukikata kona upande mmoja, ningeshuku beringi ya gurudumu. Na ule mlio wa "ka!" unapoingiza gia na kuondoka, anza na krosi, kiungo cha propela, ile shafti ndefu inayotoka gia boksi kwenda difu. Nimeshaona watu wakishusha difu nzima kumbe ni krosi.

Ila lililonikaa kwenye barua yako ni masika. Difu ina kijitundu cha kupumulia juu ya ekseli, kina kikofia kidogo. Ukitoka mwendo mrefu ndani kumepata moto, ukaingia kwenye maji yanayofika ekseli, difu inapoa ghafla na hewa iliyomo inasinyaa. Hapo inavuta pumzi. Kijitundu kikiwa kimezibwa na tope, inavutia kwenye sili, zile mpira za kuzuia oili isivuje, na kinachoingia ni maji.

Kesho asubuhi weka gari pahali tambarare. Fungua kwanza nati ya juu ya kujazia, kabla hujagusa ya chini ya kumwagia. Usicheke. Ujanani niliwahi kumwaga oili yote ya lori la watu, nikakuta ya juu imeshika kutu haifunguki. Tulilala gereji. Ingiza kidole: oili inatakiwa iwe ukingoni mwa tundu. Usipoigusa, tafuta inapovujia, uanze na sili ya pinioni pale propela inapoingilia, kisha zile za ekseli upande wa breki.

Mwagia kwenye beseni jeupe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hayo ni maji. Nati ya chini ikiwa na sumaku, unga laini wa kijivu ulionata hapo usikutishe. Ila ukiokota vipande vya chuma kwa kucha, fundi wako hajakosea.

Kama ni maji tu, jaza oili ya gia ya daraja la GL-5, kwa kawaida uzito wa 80W-90, ila kitabu cha gari ndicho chenye neno. Endesha siku mbili tatu bila mzigo mkubwa, mwaga, jaza nyingine. Usikubali oili ya injini. Pinioni ya difu hii imekaa chini ya kitovu cha krauni, kwa hiyo meno yanasuguana kwa kuteleza, na dawa inayoyalinda imo kwenye GL-5, ndiyo ile harufu ya kiberiti. Mvumo huenda usiishe wote, maana jino lililolika halioti. Usipozidi, endelea na mpunga wako. Ukizidi, beringi hubadilishwa zenyewe, lakini kwa fundi mwenye kipimo cha nafasi ya meno, siyo wa kukaza nati mpaka aone jasho.

Na ukilazimika kununua mtumba, ifunguliwe mbele yako. Mteja wangu aliuziwa gari ambalo difu yake ilikuwa kimya kabisa. Nilipofungua ukatoka uji wa unga wa mbao. Muuzaji alishindilia ili meno yanyamaze, na yalinyamaza wiki moja.

SWALI: Mzee, heshima yako. Hilux yangu niliibadilishia difu ya nyuma. Sasa nikiingiza difu ya mbele ili magurudumu yote manne yavute, hata kwenye tope, gari linakaza kama limeshikwa breki. Gia boksi?
*Dada mwenye shamba, Karatu*

JIBU: Dada, gia boksi iache. Kwenye lami kavu kukaza ni kawaida ya gari hilo, kwenye tope siyo. Nadhani uliuziwa difu ya hesabu nyingine ya meno. Mbele ikiwa 4.1, yaani propela inazunguka mara 4.1 magurudumu yakizunguka mara moja, na nyuma 4.5, propela mbili zinataka kwenda mwendo tofauti.

Pima mwenyewe. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, gia huru, hendibreki chini, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kulitegemeza vizuri. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili, miwili kwa sababu mwenzake amesimama, mwenzako ahesabu propela: nne na kidogo ni 4.1, nne na nusu ni ile nyingine. Kisha fanya hivyo mbele, mawe yahamie nyuma na loki za magurudumu ziwe zimefungwa. Zikitofautiana, mrudishie aliyekuuzia, na mpaka hapo usiingize ya mbele tena.