Pikipiki Kuukuu na Chumvi ya Malindi

Pikipiki yangu niliinunua shilingi 35,000, ikiwa imeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba moja huko Shela, Malindi, kuku wamelala juu ya kiti. Nilihitaji chombo cha kuchukulia samaki Mambrui alfajiri na kuwafikisha mjini kabla jua halijapanda, na pesa ya pikipiki mpya sikuwa nayo. Sasa ina mwaka wa nne mikononi mwangu, na karibu kila asubuhi inavuka daraja la Sabaki na mzigo wake. Mwenzangu unayetaka kununua ya bei ya chini uitengeneze mwenyewe uani, nakuomba ushike neno moja: huku kwetu pwani anza na kutu, injini iache mwisho kabisa.

Neno hilo nililipata kwa gharama. Wiki ya tatu pikipiki ilianza kunikata njiani. Kwenye lami inakwenda vizuri, nikiingia kwenye mashimo inazima, nikipiga kiki mbili tatu inawaka kama hakikuwa kitu. Fundi wa kwanza aliisikiliza dakika moja, akasema pistoni na ringi zimekwisha. Nilinunua pistoni, ringi na gasketi, akafungua, akafunga, nikamlipa. Kesho yake ikazima shimo lilelile. Pistoni ya zamani ninayo mpaka leo. Ni laini, haina mkwaruzo.

Nikaisukuma hadi kwa mzee mmoja wa Maweni anayetengeneza pikipiki chini ya mwarobaini. Hakushika spana. Aliwasha swichi, akaingiza mkono chini ya tangi, akakamata furushi la waya na kulitikisa. Taa ya kijani kwenye dashibodi ikawa inawaka na kuzimika.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu moyo wake mzima. Mishipa ndiyo mibovu."

"Sasa tufanyeje, mzee wangu?"

"Toa tangi. Tafuta waya wa athi umefungwa wapi."

Waya wa athi ndio ule unaorudisha umeme kwenye fremu. Wangu ulifungwa kwa bolti moja karibu na koili. Kwa nje bolti ilikuwa safi, hata ningepita siku nzima nisingeishuku. Nilipoilegeza, washa, kile kipete cha chuma cha chini ya bolti, ikavunjika kama biskuti, na chini yake palikuwa na unga wa kijani, shaba iliyoliwa na chumvi. Tulikata ncha ya waya hadi tukafikia shaba nyekundu, tukabana jicho jipya la waya, tukasugua fremu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga kwa bolti na washa mpya. Grisi tuliipaka juu baada ya kukaza, isiingie katikati ya chuma na chuma. Vifaa vyote havikufika shilingi 100.

Tangu siku ile ninatofautisha hivi. Pikipiki inayozima ghafla na kuwaka ghafla, hasa ikitikiswa, ina tatizo la umeme: athi, soketi, kofia ya plagi, swichi ya ufunguo. Inayochoka polepole, ikashindwa mlima na kutoa moshi wa buluu, hiyo sasa inakula oili, na hapo ndipo mazungumzo ya ringi yanapoanza. Moshi mweusi ni petroli inayozidi, kwa hiyo angalia kabureta na filta ya hewa kabla ya kumwita mtu. Jeti ya kabureta isafishe kwa kupuliza, usiichokoe kwa waya, maana kile kitundu ukikipanua hata kidogo umeshaharibu kipimo.

Kusi inapoanza kuvuma, mwezi wa Aprili, mimi hufungua soketi zote moja moja, nazipangusa, nazirudisha. Kazi ya asubuhi moja.

Kwenye kununua sitakaa sana. Namba iliyopigwa kwenye shingo ya fremu na ile ya injini zilingane na logibuku, yaani hati ya usajili, na jina la muuzaji liwe ndilo lililomo. Hilo lisipokuwa sawa, ondoka, hata bei iwe ya bure. Weka kiganja kwenye injini kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, muuzaji amekutangulia, basi subiri ipoe uione inavyowaka ikiwa baridi.

Tazama pia aina ya injini. Nyingi za bei nafuu za cc 125 kutoka China ni wajukuu wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Valvu zake zinasukumwa kwa vijiti, hazina cheni ya taimingi ya kukukatikia. Ukiona 156FMI imepigwa kwenye injini, huenda ndiyo hiyo, lakini hakikisha valvu ni za vijiti; spea zake zimejaa. Nafasi ya valvu zake mimi huipima kwa fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia, ya milimita 0.08, injini ikiwa imepoa kabisa. Haina filta ya oili ya karatasi, ina wavu tu na kikombe kinachozunguka, kwa hiyo usibane matumizi ya oili. Mimi humwaga kila kilomita 1,500.

Mabadiliko niliyofanya ni mawili tu. La kwanza ni sproketi ya mbele: nilitoa ya meno 15 nikaweka ya 14. Mwendo wa juu umepungua kidogo, lakini kreti mbili za samaki na barafu zinapanda bila kuinyonga klachi. La pili ndilo ninalojivunia. Barafu ikiyeyuka, yale maji ya samaki yenye chumvi yalikuwa yakidondokea cheni, spoki na shoki za nyuma, na kwa miezi sita spoki nne zilikatika. Nikamwendea fundi wa kuchomelea akaniongezea fremu kwenye keria, juu yake nikalaza beseni pana la plastiki, nikalitoboa kona ya nyuma na kuunganisha mpira unaoshuka nyuma ya tairi, mbali na breki. Maji yanaishia barabarani. Tangu hapo sijapoteza spoki.

Salensa usiitoboe. Kabureta imepimwa kwa salensa ile. Ukiifungua, injini inavuta hewa kupita kipimo cha petroli na inachemka, na mtoto wa jirani aliyelala saa kumi alfajiri hana kosa. Rangi nayo, ukiibadilisha, nenda ukabadilishe na logibuku.

Jioni naosha kwa maji baridi ya kisima kisicho na chumvi, nasubiri ikauke, napaka cheni oili. Cheni yangu, ya saizi 428, naipima hivi: naivuta ikaze, nahesabu pini 21, yaani nafasi 20. Ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 259 naitoa pamoja na sproketi zake zote mbili, kwa sababu meno yaliyochongoka yanaila cheni mpya kwa muda mfupi. Juzi nilipima nikapata 257. Seti nyingine nimeshainunua, iko juu ya kabati, imefungwa kwenye gazeti lililolowa oili.