Maswali ya wasomaji: Riwaya ya "Congo", filamu yake, na ugomvi wa watazamaji

SWALI: Ndugu Mhariri, katika ukumbi wetu mdogo hapa Ndosho tulionyesha filamu ya "Congo" iliyotiwa sauti za Kifaransa. Wale wachache waliokuwa wamekwisha kuisoma riwaya walitoka wamekasirika, wakisema kwamba hadithi imeharibiwa, ilhali wengine walishangilia mpaka mwisho na kisha wakabishana nao mlangoni. Mimi ndiye ninayechagua filamu, na kila upande unanidai hukumu. Ni nani aliyeona sawasawa? (Msomaji wa Ndosho, Goma)

JIBU: Ndugu yetu, sisi tuko upande wa wasomaji, ingawa sababu waliyoitoa haitutoshi. Kubadilisha hadithi si kosa, kwa kuwa hakuna riwaya inayoweza kuingia nzima katika filamu ya muda usiotimia saa mbili. Kilichowaudhi, kwa maoni yetu, ni kwamba hofu yenyewe imeondolewa mahali ilipokuwa ikikaa.

Kwa faida ya wasiokijua kisa hicho: Mmarekani Michael Crichton aliitoa riwaya mwaka 1980, na Frank Marshall akaongoza filamu iliyotoka mwaka 1995. Kampuni moja ya Marekani inatafuta almasi adimu katika magofu ya mji wa Zinj, ndani ya misitu ya Virunga. Watu wake wa kwanza wanauawa kambini, na msafara wa pili unatumwa pamoja na Amy, gorila jike aliyefundishwa lugha ya ishara. Mpaka hapo kitabu na filamu vinakwenda bega kwa bega.

Njia zinaachana usiku unapoingia kambini. Katika riwaya, gorila wa kijivu wanaoua watu husikika kabla ya kuonekana: msomaji yumo hemani pamoja na wasafiri, na gizani kunatoka sauti kama ya mtu anayehema kwa shida, mara upande huu, mara upande ule. Mtafiti Peter Elliot anazirekodi sauti hizo, kompyuta inazichambua, Amy anasaidia kuzifasiri, na hatimaye msafara unawarudishia gorila hao maneno ya lugha yao wenyewe kwa vipaza sauti ili waondoke. Katika filamu, Karen Ross, mtumishi wa ile kampuni aliyemo msafarani, anaitia almasi kwenye silaha ya leza na kuwakatakata. Aliyekesha na wasafiri kurasa zote zile, akingoja kama tafsiri itapatikana kabla hawajavamiwa tena, ana haki ya kuona kwamba amenyang'anywa kitu. Hata Amy amepunguzwa: kitabuni tunaingojea mikono yake pamoja na Elliot, lakini katika filamu amevishwa kifaa kinachozigeuza ishara zake kuwa sauti, na kile kitambo kizuri cha kutojua anataka kusema nini kimetoweka.

Walioshangilia nao wasidharauliwe. Wahakiki waliishambulia filamu hii vikali, na bado iliingiza zaidi ya dola milioni 150 duniani kote, maana yake watu wengi waliokwenda kutafuta mbio, risasi na moto walivipata. Lakini gorila wake wa kijivu ni watu waliovaa mavazi yaliyotengenezwa na karakana ya Stan Winston, na miaka 2 tu kabla yake, mwaka 1993, "Jurassic Park", iliyotokana na riwaya nyingine ya Crichton, ilikuwa imewazoesha watazamaji wanyama waliochorwa kwa kompyuta. Mnyama akioneshwa wazi namna ile, jicho huanza kukagua manyoya na mwendo badala ya kuogopa. Sauti ya gizani haikaguliki.

Tena ninyi mliitazama mkiwa Goma, jambo ambalo mabishano ya mlangoni hayangeweza kuliepuka. Volkano ya filamu, ambayo sehemu zake zilipigwa chini ya mlima Arenal nchini Costa Rica, inalipuka wakati hasa hadithi inapohitaji kumalizika. Sisi tumeiona lava ya Nyiragongo ikipita katikati ya mji mwaka 2002, na tukaiona tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Wengi wetu tunakumbuka zaidi siku zilizofuata mwaka huo wa 2021, ardhi ilipotetemeka mchana na usiku, kuta zikapasuka, hadi tarehe 27 serikali ilipoamuru mitaa 10 ihamwe na watu wakashika njia ya Sake wakiwa na magodoro kichwani, bila kujua kama mlima utalipuka tena. Aliyepita katika kungoja kule anajua kwa nini hema lenye giza linatisha kuliko mlima wa sinema unaotema moto. Hao waliokasirika wangelisema hivyo mlangoni, pengine wangesikilizwa.

SWALI: Je, si matusi kwetu, wenye Virunga na Kahuzi-Biega, kumwonesha gorila kuwa muuaji? (Mwanafunzi wa Bukavu)

JIBU: Dada yetu, uchungu wako tunauelewa. Huko kwenu Kahuzi-Biega anaishi gorila wa Grauer, asiyepatikana porini katika nchi nyingine yoyote, na huku Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925, ni binadamu ndiye aliyeua: mwezi Julai 2007 gorila kadhaa wa familia moja walipigwa risasi, na picha za wanakijiji wakiwabeba kwa machela zikauzunguka ulimwengu. Hata hivyo, riwaya haisemi kwamba gorila ni muuaji kwa asili yake. Wale wa kijivu wanaua kwa sababu watu wa Zinj waliwazoeza kulinda machimbo, na vizazi vyao vikaendelea na kazi hiyo baada ya mabwana wao kutoweka. Amy yuko palepale kuonesha upande wa pili. Lawama yetu ni kwa filamu, ambayo inapita haraka juu ya maelezo hayo ili ifike kwenye mapigano.

SWALI: Nikiionyesha tena, niwaambie watu wasome kwanza? Nakala tuliyo nayo ni moja. (Msomaji yuleyule wa Ndosho)

JIBU: Usiwazuie wasiosoma. Mchague msomaji mmoja mwenye sauti nzuri, asome sura ya usiku wa kwanza wa mashambulizi huku taa zikiwa zimezimwa, akimulikiwa ukurasa tu, kisha uwashe projekta. Baada ya filamu waulize wote, waliosoma na wasiosoma, ni wakati gani walioogopa zaidi, na utuandikie walivyojibu.