Kijana wa mwaloni hana mdhamini

Mmeuliza wiki hii kwa nini vijana wanaokamatwa kwa makosa madogo hutoka mahabusu wakiwa wahalifu zaidi. Najua wengi watataja malezi, bangi na vijiwe. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa hapa Kirumba, Mwanza, na nataja dhamana.

Dhamana ni haki, na ya polisi ni bure. Kuiba ndoo ya dagaa si unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao sheria imeunyima dhamana. Lakini lazima ajitokeze mtu mwenye kitambulisho na barua ya mtaa, aseme huyu namfahamu. Sasa njooni mwaloni, ufukweni pa kushushia samaki, alfajiri mitumbwi ikishusha. Vijana wanaobeba magunia wametoka Ukerewe, Sengerema, wengine Muleba huko. Hapa mjini hawana shangazi wala mjomba.

Mwaka jana alinijia mama muuza uji. "Shikamoo mjumbe. Niandikie barua nikamtoe Kipara."

Nikamuuliza, Kipara nani?

"Si Kipara, anayeniletea maji!"

Jina la pili hajui, la kwanza pia hajui. Kituoni kijana kaandikishwa jina lake halisi, ambalo mwaloni hakuna aliyewahi kulisikia. Barua niiandike ya nani? Tukahangaika mpaka tukampata aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, ana picha ya cheti chake cha darasa la saba kwenye simu. Tunafika kituoni, tunaambiwa keshapandishwa kizimbani, kakosa wadhamini, yuko gereza la Butimba.

Kesi yenyewe, ya ndoo ya dagaa, ilikufa. Mwenye dagaa alikuwa safarini, hakuna aliyekwenda kutoa ushahidi. Kipara akarudi, akakuta nafasi yake ya kubeba imeshachukuliwa na kila tajiri anamwita mwizi. Waliompokea kule ndani, wakampa sabuni na pa kulala, walikuwa wazoefu, nao walishatoka. Mlitaka amfuate nani?

  

Sheria si mbaya. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 afanye kazi za jamii badala ya kukaa gerezani, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufungwa gerezani. Ila hizo zinamsaidia aliyekwisha kuhukumiwa. Kipara hakuhukumiwa kabisa, na Butimba kaijua.

Ninachotaka ni kila mwalo uwe na daftari la wabebaji: jina kamili, kijiji, namba ya simu ya ndugu mmoja. Kwetu tumeanza. Baadhi ya vijana wanakimbia wakiona kalamu, wanadhani ni ya polisi, na wawili watatu najua wametuandikisha majina ya uongo.