Mbwa wa jirani, kinyesi mlangoni kwangu

SWALI: Shikamoo dokta. Jirani yangu hufungulia mbwa wake alfajiri, wanajisaidia kwenye mchanga mbele ya geti langu, pale pale wanangu wanapocheza pekupeku. Nikimwambia, anajibu jua litakausha. Ni kweli?
Mama wa watatu, Mikocheni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli, na jambo hili linaniuma. Mbwa mwenye minyoo ya safura huacha mayai ya minyoo hiyo mchangani. Ndani ya wiki moja hivi yamekuwa vijinyoo vinavyopenya ngozi. Nimeona unyayo wa mtoto wenye mstari mwekundu uliojikunja kama uzi, na mtoto halali kwa kujikuna. Mayai ya minyoo mingine ya mbwa hukaa udongoni miezi mingi, ila huhitaji wiki mbili au zaidi ndipo yaambukize. Kwa hiyo kinyesi kizolewe siku ileile.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, basi mimi nikitoka na mbwa wangu hubeba gazeti kuukuu na kijikoleo. Dakika moja tu!

Mwombe jirani azoe, na awape mbwa dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kwa sasa watoto wavae kandambili.