Jibu: Kwa nini reli ya Mwanza Kusini inaishia ziwani?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini pale Bandari ya Mwanza Kusini reli inakwenda mpaka majini. Haijakatika hata kidogo. Hapo ndipo mabehewa yanapopanda meli.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, enzi za Mwingereza. Mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. 

Miaka ya 1960 zikaja MV Umoja na MV Uhuru, meli zenye reli juu ya sitaha. Kwa kuwa nchi zote zilitumia reli ya upana wa milimita 1,000, behewa lililopakiwa Dar es Salaam liliweza kuvuka ziwa na kushuka Kisumu, Kenya, au Port Bell, Uganda, bila mtu kubeba gunia. Mimi naliona jambo hilo kuwa la ajabu mpaka leo!

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali ziligawanywa: Umoja ikabaki kwetu, Uhuru ikawa ya Kenya, na likazaliwa Shirika la Reli Tanzania.

SGR, yaani reli mpya ya kisasa, inayojengwa Isaka–Mwanza ina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo mabehewa yake hayawezi kupanda reli za Umoja.