Utafiti ukifutwa, mgonjwa aache dawa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama mdogo anatibiwa saratani ya matiti kwa dripu. Kwenye simu tumesoma kwamba utafiti wa saratani uliofanywa Marekani umefutwa. Aache dawa? – Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba. Asiache! Kwanza ulizeni ni utafiti upi uliofutwa. Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha Duke: makala yao ya mwaka 2006 katika jarida la Nature Medicine ilidai kutumia jeni za uvimbe kutabiri dawa itakayomfaa mgonjwa. Wanatakwimu Keith Baggerly na Kevin Coombes walipozirudia hesabu, walikuta orodha za jeni zimesogea mstari mmoja, na mahali pengine seli sugu zimeandikwa kuwa zinasikia dawa. Makala ilifutwa mwaka 2011. Kilichoanguka ni kile kipimo cha kutabiri. Dawa zenyewe zilikuwa na ushahidi wake tangu zamani.

Dripu hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki 2 au 3, ili damu ipate kujijenga upya. Akiruka mzunguko, seli za saratani zilizobaki hupata nafasi ya kuongezeka. Andikeni jina la kila dawa anayopewa, mpelekeeni daktari wake pamoja na habari hiyo, mwulize kama inahusika.

Tunachokihofia zaidi ni homa. Ikifika nyuzi 38, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Msimpe panadoli kwanza mkasubiri, maana hushusha joto huku maambukizi yakiendelea.